Vumbi Chini ya Jani la Kangaga

Juzi mjukuu wangu alinijia barazani amebeba chungu cha maua, amekikunjia uso kama mtu aliyepewa paka mgonjwa.

"Bibi, huu mmea unaoza. Angalia huku chini. Niutupe kabla haujaambukiza mingine?"

Akaligeuza jani. Chini yake kulikuwa na vitone vya kahawia, vimejipanga huku na huku ya uti wa jani mpaka kwenye ncha. Nikapitisha kidole, kikatoka na vumbi. Vumbi lile halina harufu, najua, lakini nililinusa hata hivyo, na harufu iliyonijia ilikuwa ya mahali pengine kabisa. Ilikuwa ya tope baridi na maji yaliyolala chini ya mawe, na kwa mbali moshi wa majani makavu ya migomba.

"Usiutupe," nikamwambia. "Uko mzima kuliko mimi na wewe. Kaa hapa nikueleze."

Nilimweleza kwa maneno machache, akaridhika, akaurudisha mmea kivulini. Mimi ndiye sikuridhika, kwa sababu nilimpa jibu bila kumpa hofu iliyolitangulia, na jibu bila hofu yake ni jepesi mno. Hofu yenyewe nadhani mtaielewa nyinyi wa rika langu, mliochota maji kwa vibuyu na kuwasikiliza wakubwa wakizungumza juu ya vichwa vyenu bila kuwaeleza kitu.

Mmea ule ni kangaga. Kama umesahau sura yake, kumbuka sehemu zenye unyevu, kando ya chemchemi au kwenye kingo za mifereji, mahali jua halifiki vizuri. Jani lake limechanika kama unyoya wa ndege, na likiwa changa hujikunja kama mkia wa kinyonga. Halina ua. Kaa nalo mwaka mzima, masika na kiangazi, hutaona hata moja.

Sasa weka kando yake mshambya. Aliyekulia Karagwe hahitaji kuelezwa mshambya, lakini wengine wasije wakapotea: ni mti mrefu ulionyooka, tunaoupanda mipakani na kuukata nguzo za nyumba na miti ya kuegemezea migomba iliyoelemewa na mikungu. Ukichanua, maua yake ya manjano hufunguka kama tarumbeta ndogo, na nyuki hujaa humo mpaka mti unavuma. Sisi watoto tuliyavaa vidoleni yalipoanguka, tukajifanya mabibi harusi wenye kucha za dhahabu.

Nyumbani kwetu, upande wa Bweranyange, mshambya mmoja mkubwa ulisimama mwisho wa kibanja, shamba letu la nyumbani, pale njia ilipoanza kushuka kwenda chemchemini. Kibanja kilikuwa migomba, na kati ya migomba kahawa. Mingi ilikuwa miche mipya ambayo Baba aliipanda kwa kufuata mafundisho ya serikali, kwa mistari, kila mche na shimo lake lenye samadi. Mmoja haukuwa mpya. Huo ulikuwa mlangoni mwa jiko, mzee, umepinda, na ulikuwa wa Bibi.

Babu aliupanda wakati alipomleta Bibi kama bibi harusi, na Babu alikuwa amelala kaburini mle mle kibanjani, hatua chache kutoka kwenye mti wake. Bibi alichuma buni za mti ule, akazichemsha na majani ya kunukia, akazianika, akazihifadhi kwenye kikapu kidogo chenye mfuniko. Mgeni akiingia, kabla hajaulizwa shida yake, alipewa punje za kutafuna. Kwetu mgeni ambaye hajatafuna kahawa bado yuko njiani, hata kama amekaa kitini. Na Bibi hakutoa kahawa ya mti mwingine. Alisema ile mipya ni ya kuuza, na huu ni wa kupokelea watu.

Kazi yangu mimi ilikuwa maji. Nilibeba kibuyu kichwani juu ya ngata ya majani ya mgomba, na ili maji yasirukeruke nikipanda mlima, niliziba mdomo wa kibuyu kwa majani ya kangaga. Bibi ndiye aliyenifundisha. Unachuma matatu au manne, unayakunja, unayalaza juu ya maji, na maji yanatulia kama mtoto aliyepewa ziwa. Nikifika nyumbani nilimimina maji mtungini, na yale majani nikayatupa palipokuwa karibu. Palipokuwa karibu ni chini ya mti wa Bibi.

Siku moja bwana shamba alikuja kwa baiskeli. Alikuwa kijana wa Kihaya kutoka upande wa Muleba, Mlutheri, mwenye soksi ndefu, kofia nyeupe ngumu, na sauti ya upole. Majirani walikusanyika uani kwetu. Alisema mengi juu ya kupogoa na kuweka matandazo, na watoto tulikuwa tumekwisha kuchoka alipofungua mkoba wake akatoa jani la kahawa lililobanwa kati ya karatasi.

"Tazameni," akasema. "Juu unaona nini? Si kitu. Sasa ninaligeuza."

Chini ya jani kulikuwa na vumbi la rangi ya chungwa.

"Huyu ndiye adui. Anaitwa kutu ya majani. Hakai juu akaonekana, hukaa chini ya jani."

"Husafirije?" Baba aliuliza.

"Kwa upepo. Kwa nguo. Kwa mikono yetu wenyewe, mzee. Mtu anaweza kuibeba akaileta kwake na asijue."

"Basi kuanzia leo tutatembea tumeinama kama tunaotafuta senene nyasini!" akasema jirani mmoja, na watu wakacheka.

Baba hakucheka. "Na dawa yake?"

"Tunaanza na kupogoa na usafi. Lakini mti ulioshikwa sana hung'olewa ukachomwa moto, na majirani zake wakaangaliwa. Nitarudi mvua zikipungua, niangalie mti mmoja mmoja."

Bibi alikuwa amekaa mlangoni mwa jiko. Hakujua Kiswahili kingi, alimwomba Baba amgeuzie maneno, kisha akauelekeza mti wake kwa kidevu. "Na huu?"

"Huu ni wa zamani, mama, ni mgumu," alijibu bwana shamba kwa Kihaya, ambacho kwetu sisi Wanyambo kinasikika bila mkalimani. "Lakini nao nitauangalia. Siwezi kuruka hata mmoja."

Asubuhi iliyofuata nilikwenda chemchemini kama kawaida. Nikajaza kibuyu, nikachuma kangaga, na kwa sababu maneno ya bwana shamba yalikuwa bado masikioni, nikaligeuza jani nione chini kukoje.

Nadhani mmekwisha kujua nilichoona. Vitone, jani zima. Nikagusa, vumbi likabaki kidoleni. Nikageuza jingine, vitone. Jingine, vitone. Bonde lote lile la kijani nililolipenda lilikuwa na adui chini yake, na mimi ndiye niliyekuwa nikimbeba kichwani kila siku kumpeleka nyumbani, nikamwaga mguuni pa mti wa Bibi.

Mtoto akiogopa hufikiri haraka, lakini hufikiri peke yake, na hapo ndipo hupotea. Sikumwambia mtu. Niliona moshi katika mawazo yangu, niliona mti wa Bibi ukiungua na Babu akiwa pale pale karibu anausikia, na wageni wakiingia nyumbani kwetu na kutoka bila kutafuna kitu, kana kwamba hawakuwahi kufika.

Basi nikaanza kupigana vita vyangu. Kwanza niliokota majani yote makavu ya kangaga chini ya mti, nikayazika kwenye jalala. Halafu, mchana watu wakiwa shambani, nilichukua maji na majivu ya jikoni, nikaosha majani ya mti ule kwa chini, moja baada ya jingine, kwa kitambaa cha khanga iliyochakaa. Niliyoyafikia niliyafikia. Ya juu nilipanda kwenye kinu. Nilipoumaliza wa Bibi nilihamia miche ya Baba iliyokuwa karibu.

Na kangaga nikaliacha kabisa. Siku za kwanza nilibeba kibuyu kikiwa wazi, na maji yalinimwagikia mgongoni njia nzima.

"Koku," kaka yangu Byarugaba aliniita, amekaa juu ya gogo anachonga gongo, "leo mvua imekunyeshea peke yako?"

"Niache."

"Au siku hizi kuna bomba njiani, unaoga hapo?"

"Hatuna bomba, mjinga wewe."

Ilibidi nipate jani jingine. Nikaangalia huku na huko nikauona mshambya. Niligeuza majani yake yale ya chini, nikayachunguza, yalikuwa safi. Na kwa akili yangu ya wakati ule nilijiambia kwamba mshambya ni mti mwaminifu. Una ua, na ua lake unalionyesha juu kabisa, wote waone. Hauna cha kuficha. Kangaga halina ua kwa sababu halina jema la kuonyesha, na lake lililopo limelificha kwa chini. Niliwagawanya hivyo hivyo hata watu. Niliwapanga majirani wote, nani mshambya na nani kangaga. Tangu siku hiyo nikaziba kibuyu kwa majani ya mshambya, nikiyaponda kidogo yakae vizuri.

Kilichonitisha zaidi kilikuwa Baba. Alikuwa mtu wa maneno, mtu wa kutania, akirudi shambani husikika akiwa bado mpakani. Sasa alinyamaza. Nilimwona alfajiri akisimama kati ya kahawa zake, hasogei, mkono umeshika tawi. Akiniona alinitazama tu, kisha akatazama pembeni. Nilijua amekwisha kugundua. Nilijua anangoja bwana shamba aje ili aseme mbele yake ni nani aliyeleta ugonjwa. Jioni moja Byarugaba alikunywa maji, akakunja uso, akafungua mdomo aseme kitu.

"Kunywa," Baba alimkata. "Maji ni maji."

Nikasikia hasira katika sauti ile, na nikaichukua yote kuwa yangu.

Mvua zikapungua. Bwana shamba akarudi.

Bibi alimpa punje za kahawa akatafuna, wakaamkiana, kisha akaanza kazi. Alipita mstari kwa mstari, anageuza majani, anasogea. Baba alimfuata na kofia mkononi kama mtu aliye kanisani. Mimi nilisimama nikiuegemea mti wa Bibi, mgongo umeshikana na gome, kana kwamba mti unaweza kufichwa na mtoto.

Alipofika kwenye miche ya karibu na jiko alisimama. Akageuza jani moja, akageuza la pili. Akakwaruza kwa ukucha.

"Mzee," akamwambia Baba, "kahawa yako hii inaogeshwa?"

"Inaogeshwa?"

"Ina majivu. Kwa chini. Tazama, kama mtoto aliyepakwa sabuni akasahauliwa kusuuzwa."

"Mimi nageuza majani tu," alisema Baba. "Kila alfajiri nayageuza yote. Sijaosha kitu."

Bibi hakuuliza. Alinitazama mimi, mikono yangu, na kile kitambaa cha khanga kilichokuwa kinaning'inia kiunoni. "Kokuberwa," akaita, jina zima. Bibi alipolitaja jina zima, hakuna aliyejaribu kukimbia.

Nikasema. Yalitoka yote kwa mara moja, kangaga na vumbi na kibuyu, na kwamba mti hauna kosa, mti haukufanya kitu, wasiuchome, ni mimi niliyemleta adui. Byarugaba alianza kucheka, akatazamwa na Bibi, akaacha.

Bwana shamba hakucheka. Alichuchumaa mpaka kofia yake ikawa sawa na uso wangu.

"Twende ukanionyeshe hilo kangaga lako."

Tukashuka bondeni, mimi mbele, yeye nyuma yangu na soksi zake, kisha Baba, kisha Bibi na fimbo, kisha Byarugaba ambaye hakualikwa. Tulipopita chini ya mshambya, bwana shamba aliokota ua moja na ganda moja refu la mbegu lililokauka, lile linaloning'inia kama mkia wa ng'ombe.

Chemchemini akanipa ua. "Hili lina kazi gani?"

"La nyuki."

"Na nyuki akishaondoka?"

"Linaanguka!" alisema Byarugaba.

"Linaanguka, ndiyo, na linaacha hili." Akapasua lile ganda. Ndani kulikuwa na mbegu nyingi, bapa, kila moja na ubawa mwembamba unaopenyeza mwanga kama bawa la senene. Akapuliza, zikaruka, nyingine zikamkaa Bibi kwenye shuka. "Ndivyo mshambya unavyopata watoto. Sasa kangaga. Umewahi kuona ua lake?"

"Hapana."

"Hata mimi. Hakuna aliyewahi kuliona. Basi haya yote yametoka wapi?"

Sikuwahi kujiuliza. Nilidhani kangaga huwapo tu, kama tope.

Akavua ile kofia yake nyeupe, akaishika chini ya jani, akaligonga jani kwa kidole. Vumbi la kahawia likaanguka juu ya weupe wa kofia. "Hapa ndipo yalipotoka. Hii si mbegu kama ya mshambya, ni ndogo zaidi, lakini kazi yake ni hiyo hiyo. Kangaga haliumwi, binti. Linazaa."

Nilimwamini nusu. Naye aliliona hilo, maana alitoa kwenye mkoba lile jani la kahawa lenye ugonjwa, akayaweka mawili kando kwa kando juu ya jiwe. "Usiamini maneno yangu. Tazama, lakini usitazame kwa hofu. Ugonjwa umekaaje?"

Nikatazama. "Ovyo. Hapa kubwa, hapa dogo. Limechafuka."

"Na hili?"

"Vimejipanga. Huku na huku."

"Basi kumbuka hivyo. Ugonjwa haujui kupanga mstari."

Nimefundisha watoto wengi tangu wakati ule, na sijapata sentensi bora ya kumpa mtu anapotaka kujua kama kitu asichokielewa kina madhara: kwanza tazama kimejipangaje.

Bibi alikuwa ameinama juu ya jani, anatikisa kichwa. "Kwa hiyo mshambya akizaa hupiga ngoma kijiji kizima kisikie, na huyu anazaa kimyakimya nyuma ya nyumba." Akamgeukia Baba. "Kama nilivyokuzaa wewe. Nilikuwa nalima, nikaenda kando, nikarudi na mtu."

Hapo ndipo Baba alipocheka. Si kicheko kikubwa. Kilianza kama kukohoa, kisha akakaa juu ya jiwe, na nikasikia pumzi ndefu ikimtoka, ndefu kama ya mtu aliyetua mzigo wa njia nzima.

"Na kahawa?" akauliza.

"Safi, mzee. Yote niliyoiona. Sijui ni alfajiri zako au ni majivu ya binti, lakini safi."

Bwana shamba aliniachia mtihani. Nipukute vumbi la kangaga juu ya kigae cha chungu chenye maji maji, nikifunike, nikiweke kivulini, ningoje. Nilingoja mpaka nikakata tamaa, na siku niliyokwenda kukitupa nilikuta kigae kimeota vijani vidogo kama dengu, bapa, kila kimoja umbo la moyo. Havikufanana na kangaga hata kidogo. Baadaye sana, chini ya kimoja, kikatoka kile kimkia kilichojikunja. Nilikimbia nacho kwa Bibi kama niliyekizaa mwenyewe. Nikafuta pia ile orodha ya majirani kichwani mwangu. Wale niliowaita kangaga, sikuwa nimewahi kuona wanachokilea kivulini.

Lakini kinachonirudia zaidi ni jioni ya siku ile ya bwana shamba. Alikuwa ameondoka na baiskeli yake, na kifurushi cha punje za Bibi mfukoni. Jua lilikuwa bado juu ya vilima vya upande wa pili. Baba alikuja mtungini, akachota kwa kata, akanywa, akasimama kidogo akionja.

"Koku. Kesho rudisha kangaga kwenye kibuyu."

"Kwa nini, Baba?"

"Maji yako ni machungu, mwanangu. Umeyaziba na nini?"

"Mshambya."

Byarugaba akapiga makofi. "Nilisema! Nilitaka kusema!"

Niliona aibu, kisha nikakumbuka muda wote ule tuliokunywa. "Mbona hukuniambia?"

Baba alizungusha maji yaliyobaki katika kata, akayamwaga polepole mguuni pa mti wa Bibi.

"Nilidhani ni mdomo wangu," akasema. "Mtu akiwa na hofu, kila kitu humwia kichungu."